Jaribio la Ijumaa Ni Langu

Nafundisha Kiingereza katika shule ya kata wilayani Kilosa. Ushuhuda huu nawaandikia walimu wenzangu wa somo hili, hasa ninyi mnaoingia kwenye mikondo ya watoto sabini, themanini, huku kabatini mna vitabu vya kuhesabu kwa vidole. Sina shahada ya mitaala, wala sijakaa kwenye jopo la kutunga mtihani wa taifa. Ninachoweza kukisimamia ni kimoja: kwa miaka mingi nilisubiri mtihani wa taifa ubadilike ndipo nami nibadilishe ufundishaji. Kisha nikaacha kusubiri. Nilibadilisha majaribio ninayotunga mwenyewe, na ufundishaji ukalazimika kuyafuata.

Shule yetu ni mojawapo ya zile zilizochipuka karibu kila kata baada ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, kuanza mwaka 2004. Wananchi walichimba msingi na kufyatua matofali, serikali ikaleta mabati na walimu wachache. Nilipopangiwa hapo nilikuta somo la Kiingereza lina mwendo wake, nikaufuata kwa bidii. Jumatatu kanuni ubaoni, katikati ya wiki mazoezi, Ijumaa jaribio: sentensi za kuandika upya kwa kufuata maelekezo. Anza na "No sooner". Geuza iwe "passive". Peleka kwenye "reported speech". Watoto wangu walikuwa hodari wa kazi hiyo. Ukimpa mmoja wao sentensi ya Juma kumchinja mbuzi, anakugeuzia mbuzi achinjwe na Juma bila kupepesa macho. Nilipeleka alama nzuri kwa mtaaluma, na mkuu wa shule akanisifu kwenye kikao cha wazazi.

Mtoto huyo ametoka wapi? Shule zetu za msingi za serikali, karibu zote, zinafundisha kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, Kiingereza kikiwa somo mojawapo. Mtihani wa darasa la saba, tangu ulipoanza kusahihishwa kwa mashine mwaka 2012, kwa sehemu kubwa ni wa kuchagua jibu na kuweka kivuli kwenye herufi. Mtoto anaweza kufaulu Kiingereza bila kutakiwa kuandika hata aya moja ya lugha hiyo. Akiingia kidato cha kwanza anapewa wiki chache za kozi ya maandalizi, kisha Fizikia, Jiografia, Historia na Hisabati vyote vinamjia kwa ung'eng'e. Baada ya miaka minne anakutana na pepa ya Kiingereza ya saa 3, ya kuandika mwanzo hadi mwisho. Hakuna swali litakalomtaka asikilize, wala litakalomtaka afungue mdomo. Mwalimu anayepimwa kwa ufaulu wa pepa hiyo atafundisha nini? Atafundisha pepa.

Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalitikisa nchi nzima. Zaidi ya nusu ya watahiniwa walipata sifuri, Waziri Mkuu akaunda tume, na baadaye matokeo yale yakafutwa na kupangwa upya. Katika ofisi yetu ya walimu kila mtu alikuwa na mchawi wake: maabara zisizokuwepo, wazazi, simu za mkononi. Mwalimu wa Baiolojia hakuchangia. Alichukua rundo la karatasi za jaribio lake la kidato cha tatu, akaliweka mezani kwangu. "Madam, hizi ni zako," akasema.

Nilizisoma zote. Swali lilitaka mwanafunzi aeleze kwa nini mmea uliofungiwa gizani muda mrefu hufa. Karibu darasa zima walikuwa wameandika maana ya usanisinuru neno kwa neno kama ilivyo kwenye notsi, pamoja na kosa la tahajia ambalo mwalimu mwenyewe alilifanya ubaoni. Hakuna aliyefika kwenye giza wala kwenye kifo cha mmea. "Wanajua Baiolojia hawa, au wanaijua sentensi yangu?" akaniuliza. Kesho yake alirudi darasani na swali lilelile kwa Kiswahili. Mikono ikapanda. Kijana mmoja wa nyuma kabisa, ambaye kwao wanalima nyanya, alieleza miche iliyoota chini ya mkorosho inavyorefuka, inavyopauka na kufa, na kwa nini. Sayansi alikuwa nayo kichwani. Kiingereza cha kuitolea ndicho hakuwa nacho, na mtu aliyelipwa mshahara kumpa Kiingereza hicho ni mimi.

Nilianza kutafuta maandiko, nikakuta kilio hiki kina umri mkubwa kuliko shule yetu. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia hadi sekondari na kuendelea. Pendekezo hilo halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walitoa ripoti iliyoonyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine. Wao walitaka Kiingereza kiendelee ila kiimarishwe, na kutokana na ripoti yao ukaja mradi uliosambaza vitabu vyepesi vya hadithi katika shule za sekondari. Naye Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam amesisitiza kwa miaka mingi kwamba kutumia Kiingereza kufundishia kila somo hakumfundishi mtoto Kiingereza. Lugha ya kigeni hufundishwa vizuri ikiwa somo, na mwalimu aliyeandaliwa kwa kazi hiyo. Mjadala wa lugha ya kufundishia ni mpana, hauwezi kumalizwa ndani ya kipindi changu cha dakika 40. Lakini pande zote zinakubaliana juu ya jambo moja, kwamba somo la Kiingereza lenyewe lazima lifundishwe vizuri. Hapo ndipo mamlaka yangu yanapoanzia.

Nilijiuliza ni kitu gani ninaweza kukibadilisha bila kibali cha mtu. Mtihani wa taifa ni wa Baraza la Mitihani. Mock ni ya mkoa. Jaribio la Ijumaa ni langu. Natunga mimi, nasahihisha mimi, na wanafunzi wanalisomea kwa sababu alama zake zinaingia kwenye ripoti. Nikaliondoa lile la sentensi za kugeuza, nikaweka kazi nne ambazo mtu anayejua lugha anazifanya kweli: kusoma jambo geni, kusikiliza, kuandika la kwake, na kusema.

Kwenye kusoma nachukua aya mbili ambazo hawajawahi kuziona. Mara nyingi nazitoa kwenye vitabu vya masomo mengine: mmomonyoko wa udongo, minyoo, misafara ya wafanyabiashara wa karne ya 19. Maswali nayatunga kwa namna ambayo kunakili mstari hakusaidii. Kwa kidato cha kwanza naruhusu majibu kwa Kiswahili. Hapo napima kusoma. Mtoto akiandika kwa Kiswahili alichokielewa kwa Kiingereza, kusoma amesoma. Muhula wa pili natia swali moja la kujibiwa kwa Kiingereza, kisha mawili, hadi kufikia kidato cha pili yote yanajibiwa kwa Kiingereza. Kazi hii ilinifungua macho kuliko nyingine zote, kwa sababu ilinitenganishia watoto wasioelewa na watoto wanaoelewa lakini hawana maneno ya kujibia. Katika jaribio la zamani wote hao walikuwa wanapata alama ileile, na dawa yao ni tofauti.

Kusikiliza hakuhitaji umeme wala redio. Nasoma kwa mwendo wa kawaida aya fupi, mara mbili. Mara ya kwanza kalamu ziko chini. Mara ya pili wanaandika maneno watakayoyawahi. Kisha wanakaa wanne wanne na kuijenga upya aya ile kwa pamoja, kila kundi likitoa toleo lake, na mwisho tunalinganisha na niliyoisoma. Sarufi yote niliyokuwa naihubiri ubaoni inajitokeza hapo yenyewe. Kundi moja linaandika "has gone", jingine "had went", na wao wenyewe wanaanza kubishana. Wanabishana kwa Kiswahili, wakitetea Kiingereza. Zamani ningewanyamazisha.

Kwenye kuandika nilikuwa na adui aliyeota mizizi. Wanafunzi wetu wamekariri insha. Ukitoa mada yoyote, nusu ya darasa wanaanza na "refers to the situation whereby", wanashuka na hoja sita zilizokaririwa, kisha wanamalizia na wito kwa serikali. Nilibadilisha mada ziwe za mambo ambayo hakuna kitabu cha majibu kinachoweza kuyajua. Eleza jinsi mnavyochota maji nyumbani kwenu na kasoro ya utaratibu huo. Mwandikie dereva wa basi aliyewaacha kituoni. Wiki za kwanza niliogopa nilichokiona. Walioandika insha safi za kukariri sasa walinipa sentensi kama "My mother is sell tomato, if rain is come people is not buy." Lakini ile ilikuwa sentensi ya mtoto huyo, yenye jambo alilotaka kulisema, na ilinionyesha wazi kinachohitaji kufundishwa Jumatatu.

Usahihishaji nao ulibadilika. Daftari lililojaa wino mwekundu mtoto analifunga haraka na kuligeuza juu chini. Kwa hiyo natoa alama kwanza kwa jambo: limeeleweka, limejibu swali, lina mpangilio? Kisha nachagua kosa la aina moja tu kwa wiki, labda nyakati, na hilo tu ndilo ninalolipigia mstari. Mwandishi analirekebisha mwenyewe na kurudisha kazi, na alama ya marekebisho nayo inahesabiwa. Kwa watoto themanini hii ndiyo njia pekee niliyoona inabebeka. Wiki nyingine nakusanya safu mbili tu za madawati, zilizobaki zinasahihishana kwa vigezo nilivyoandika ubaoni.

Kusema ndiko kulikonitisha zaidi, kwa sababu ya idadi. Nilianza na wachache kila wiki. Darasa likiwa linasoma kimya, wanakuja wawili wawili mezani kwangu. Nawapa picha au swali, wanazungumza wao kwa wao dakika chache, mimi nasikiliza. Vigezo ni vinne: ameeleweka, amejibu alichoulizwa, ana maneno ya kutosha, ameunganisha mawazo. Lafudhi haina alama. Mtoto wa Kilosa hana haja ya kusikika kama mtu wa London. Vigezo nimevibandika ukutani, nao hujipima kabla sijawapima. Hadi muhula unaisha kila mmoja amepita, na kwa wengi wao hiyo huwa mara ya kwanza mtu mzima kuwasikiliza wakisema Kiingereza bila kuwakatiza.

Majaribio ya namna hii hayawezi kufaulika bila kusoma, na vitabu hatukuwa navyo. Msaada ulitoka kwenye stoo ya shule kongwe ya jirani, ambako maboksi ya vitabu vya hadithi yalikuwa yamewekwa chini ya viti vibovu. Mkuu wao alikubali tuvichukue. Vingine mchwa alishavitangulia, lakini tulipata vya kutosha kuanzisha kabati la darasa, linalosimamiwa na mwanafunzi mwenye daftari la kuazima. Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer vya Richard Mabala viliisha majalada kwa kushikwa. Hapo awali vitabu vya fasihi walikuwa wanavijua kupitia uchambuzi unaouzwa stesheneri: dhamira, wahusika, mafunzo, basi. Mtu alikuwa anafika kidato cha nne na dhamira za Passed Like a Shadow kichwani bila kuwahi kukishika kitabu chenyewe. Sasa nauliza maswali ambayo uchambuzi hauna jibu lake: chagua ukurasa mmoja uliokukera, eleza kwa nini. Wanalazimika kufungua kitabu.

Upinzani ulikuwepo. Mdhibiti ubora mmoja alisimama kwenye majibu ya Kiswahili ndani ya karatasi ya Kiingereza, akataka maelezo. Nilimwonyesha karatasi za mtoto mmoja za mwanzo na mwisho wa mwaka, namna Kiswahili kilivyopungua na majibu yalivyorefuka. Alisoma, akaandika maoni yake, akaniambia niendelee ila niweke kumbukumbu. Wazazi nao walikuja. "Madam, mbona daftari la mwanangu halina notsi?" Hilo ni swali la haki kwa mtu aliyeuza gunia la mahindi kununua madaftari. Niliwaalika wakae nyuma ya darasa siku ya kusema.

Wanafunzi wa kidato cha nne ndio waliokuwa wagumu kuliko wote, na niliwaelewa. Mtihani wao una maswali ya kugeuza sentensi, na ni miezi michache tu mbele. Nikafanya mapatano: miaka mitatu ya kwanza tunajenga lugha, mwaka wa mwisho tunatenga vipindi vya kuizoea pepa, muundo wake na mitego yake. Sioni aibu juu ya mapatano hayo. Mtoto wa mkulima anahitaji cheti, na siwezi kumfanya sadaka ya imani yangu. Nilichogundua ni kwamba aliyesoma hadithi kadhaa anaizoea ile "No sooner" kwa wiki chache, wakati zamani tuliihangaikia miaka minne.

Jambo jingine lililobadilika ni kibao. Shule nyingi zina kitu cha namna hiyo, kipande cha mbao chenye kamba anachovalishwa aliyekamatwa akiongea Kiswahili, naye akingojea kumkamata mwenzake amvalishe. Kwenye kikao cha walimu niliuliza kibao kimefundisha neno gani la Kiingereza tangu kianze kuzunguka. Mwalimu wa Baiolojia akaniunga mkono: watoto wanaoogopa kuongea Kiswahili na hawajui Kiingereza wanachagua kunyamaza, na darasa la bubu halifundishiki. Haikuwa rahisi, lakini kibao kiliwekwa kabatini, na badala yake ikaja nusu saa ya mjadala wa Kiingereza kila wiki, wenye mada zinazotolewa na wanafunzi.

Matunda je? Sitasema shule yetu imekuwa ya kwanza kimkoa. Haijawa. Wapo wanaoondoka bado hawajasimama vizuri, hasa waliofika kidato cha kwanza wakiwa hawasomi barabara hata Kiswahili. Kwao kazi inaanzia mbali zaidi. Ninachokiona ni karatasi zisizofanana. Ukisahihisha insha themanini unakutana na watu themanini, nyumba themanini, hasira na vichekesho tofauti. Makosa ni mengi kuliko zamani kwa sababu wanathubutu mengi kuliko zamani. Na mwalimu wa Baiolojia haleti tena rundo mezani kwangu. Siku hizi anakuja kuniomba orodha ya vitenzi tulivyofundisha, ili atunge maswali yake kwa maneno ambayo watoto wanayo. Mwalimu wa Historia naye ameanza. Hilo ndilo badiliko ninalolithamini kuliko alama.

Kazi kubwa iliyobaki haiko mikononi mwetu peke yetu. Mitaala mipya imeanza kuingia madarasani tangu Januari 2024, nayo inazungumzia umahiri. Umahiri wa lugha hauwezi kupimwa kwa kalamu pekee. Majirani zetu wa Kenya wana pepa ya Kiingereza ya kidato cha nne yenye sehemu ya stadi za mazungumzo, lakini nayo inajibiwa kwa kuandika. Sisi tunaweza kwenda mbele zaidi kwa gharama ndogo. Katika mtihani wa kidato cha nne, alama 30 kati ya 100 hutokana na kazi za shuleni, ambazo kwa somo letu karibu zote ni za kuandika. Sehemu ya hizo 30 ingetolewa kwa kusema na kusikiliza, kwa vigezo vinavyofanana nchi nzima. Wanaohofia kwamba walimu watawapendelea wanafunzi wao wana hoja. Mimi na mwenzangu wa shule ya jirani tumejaribu jibu lake: mwisho wa mwaka yeye anawapima wangu, mimi nawapima wake. Tumetofautiana mara chache, na kila tulipotofautiana tulikaa na vigezo mezani mpaka tukaelewana. Nauli ni ya bodaboda.

Mwalimu mwenzangu, usianze na vyote vinne. Utachoka kabla ya likizo. Ijumaa ijayo weka habari moja ngeni ya aya mbili na maswali matano yasiyojibika kwa kunakili, na kwa kidato cha kwanza ruhusu Kiswahili. Kisha kabla ya kuandika alama yoyote, soma majibu yote mara moja, ukiwa na kipande cha karatasi pembeni cha kuandikia wasichokijua. Hicho kipande ndicho andalio lako la somo la Jumatatu.